Baga ya Maharage kutoka Jiko la Mengo

Ukishuka kilima cha Mengo kuelekea katikati ya Kampala, kabla hujafika soko la Owino unapita Kisenyi. Mashine za kusaga mahindi zinanguruma kutwa, vumbi jeupe la unga limekaa juu ya mabati na juu ya nyusi za wapagazi, na kando ya mizani yamepangwa magunia yaliyofunguliwa midomo: Nambale nyekundu yenye madoa, Kanyebwa yenye michirizi, maharage ya njano, meusi, na meupe madogo. Kiswahili kinasikika zaidi hapa kuliko sehemu nyingi za jiji, kwa kuwa Kisenyi ni mtaa wa Wasomali, wa madereva wa malori na wa wachuuzi waliokuja kutoka kila mpaka wa nchi. Hapa ndipo kaya nyingi za Mengo hununua maharage, na hapa ndipo inapoanzia baga ninayotaka kuieleza.

Mtoto wa Kampala huijua baga kwa macho kabla ya kuijua kwa ulimi. Ipo kwenye mabango ya barabarani, kwenye simu ya mjomba, kwenye vioo vya migahawa ya maduka makubwa, imenona na inachuruzika. Shuleni mtoto huyohuyo anakula posho, yaani ugali wa mahindi, na maharage Jumatatu hadi Ijumaa, kama walivyokula baba na mama yake. Wapo watu wazima wengi Uganda ambao walipomaliza shule ya bweni waliapa kutoyala tena maharage, na ukiketi nao mezani utawaona wakiyasukuma pembeni ya sahani. Siwalaumu. Sufuria la kulisha wanafunzi mia kadhaa halina nafasi ya kitunguu kilichokaangwa taratibu. Ni maji, chumvi na haraka. Lakini kosa hilo ni la mapishi, na maharage yamebeba lawama isiyo yake.

Nyama tunaihangaikia. Tunaikata vizuri, tunaitia limau, tangawizi na kitunguu saumu, tunaiacha ilale, tunaikaanga mpaka ibadilike rangi, ndipo tunaitia mchuzi. Maharage tunayachemsha na kuyapakua. Ninachosema katika makala hii ni kwamba tukiyapa maharage nusu tu ya kazi tunayoipa nyama, yatatoa katlesi ya baga ambayo mtoto ataiomba tena, kwa bei ambayo familia yenye watu sita inaweza kuimudu kila wiki.

Tuanze na bei, maana ndiyo inayomleta mtu jikoni. Mwaka 2024 kilo ya nyama ya ng'ombe Kampala ilikuwa ikiuzwa shilingi 15,000 na zaidi katika bucha nyingi. Karantini za ugonjwa wa miguu na midomo zilikuwa zimefunga minada ya ng'ombe katika wilaya nyingi za wafugaji, na mzigo ukaja kumwangukia mlaji. Maharage makavu yalikuwa yakichezea kati ya shilingi 3,000 na 5,000 kwa kilo, kutegemea aina na msimu. Nusu kilo ya nyama ya kusaga inatoa katlesi tano za gramu 100. Nusu kilo ya maharage makavu, ikishanyonya maji na kuiva, inazidi kilo moja. Ukiongeza karoti, vitunguu, karanga na unga kidogo unapata katlesi kama 15. Kwa hesabu hiyo maharage yaliyomo ndani ya katlesi moja hayafiki shilingi 200, ilhali nyama ya katlesi moja ni 1,500 au zaidi. Ongeza karanga, mafuta na mkaa, bado pengo ni kubwa.

Mkaa wenyewe si wa kupuuza. Mei 2023 Rais Museveni alitoa amri ya kupiga marufuku uchomaji wa mkaa wa biashara kaskazini mwa Uganda, na mpishi wa Kampala anayetegemea sigiri anajua namna gunia lilivyopanda bei. Kwa hiyo maharage yanayochukua saa tatu kuiva yanaweza kuwa ghali kuliko yanavyoonekana kwenye mizani. Ukifika Kisenyi usiulize bei kwanza. Uliza, "Mama, haya ni ya msimu huu?" Uganda huvuna maharage mara mbili kwa mwaka, katikati ya mwaka na kuelekea mwisho wake. Maharage mapya huiva upesi. Yaliyokaa ghalani miezi mingi kwenye joto na unyevu hukaza ndani, na hata ukiyachemsha kutwa kiini kitabaki kama chenga. Yaliyosinyaa na kupoteza mng'ao waachie wengine.

Hata kabla baga haijafika mjini, Kampala ilikuwa imeshafikiri sana juu ya kulisha watu bila nyama. Mengo ina hospitali tangu 1897, aliyoianzisha Daktari Albert Cook, na ng'ambo ya jiji, katika hospitali ya Mulago, madaktari wa miaka ya 1940 na 1950 walikuwa wakihangaika na watoto waliovimba miguu na kupauka nywele kwa kwashiakoo. Maziwa yaliwasaidia, ila maziwa yalikuwa ghali kwa mama wa kijijini. R. F. A. Dean, aliyeongoza utafiti wa utapiamlo wa watoto pale Mulago, akageukia mimea, na mwaka 1953 ikachapishwa ripoti yake juu ya protini za mimea katika chakula cha watoto. Katika miaka ya 1960 kikaanzishwa palepale Mulago kitengo cha Mwanamugimu, ambako mama alikaa na mwanawe na kufundishwa kumponya kwa vyakula vya shambani kwake mwenyewe. Chakula kilichojulikana zaidi ni kitobero: matooke au viazi, maharage yaliyopondwa, karanga, mboga za majani, vyote vikafungwa pamoja kwenye jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke. Anayekijua kitobero ameshajua nusu ya kazi ya baga ya maharage. Imebaki kukausha na kukaanga.

Na kuna wengine wawili wa Mulago. Hugh Trowell, aliyetibu na kuandika juu ya kwashiakoo, na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji ambaye saratani ya taya za watoto imebeba jina lake, waliporudi Uingereza walianza kuuliza kwa nini maradhi fulani ya utumbo yaliyojaa hospitali za Ulaya walikuwa hawayaoni Uganda. Jibu lao lilikuwa nyuzinyuzi za chakula, na mwaka 1975 walihariri pamoja kitabu kilichoufanya ulimwengu uanze kulitazama upya pumba la ngano na kokwa la haragwe. Walichokuwa wakikisifu ni sahani ya Muganda wa kawaida. Sahani hiyo ndiyo tunayoikimbia leo kwa kuiona ya kimaskini.

Haja yenyewe bado ipo. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2016 ulikuta asilimia 53 ya watoto wa Uganda walio kati ya miezi 6 na 59 wana upungufu wa damu. Malaria na minyoo vina mkono wao, lakini chakula nacho kina wake. Mwaka huohuo watafiti wa kituo cha kilimo cha Namulonge walitoa kwa wakulima aina za NAROBEAN, zilizozalishwa ziwe na madini ya chuma na zinki kwa wingi zaidi. Ukizikuta sokoni zichukue. Hupikwa kama maharage mengine.

Sasa twende jikoni.

Loweka maharage usiku kucha, asubuhi yamwage maji hayo na utie mapya. Usifuate muda wa mapishi uliouzoea Mombasa au Dar es Salaam. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Tofauti inaonekana ndogo, lakini haragwe linaihisi, na ndiyo sababu mgeni kutoka pwani hushangaa maharage yake yakikataa kulainika. Moto wa mwanzo uwe mkali, yachemke kwa nguvu nusu saa nzima, kisha upunguze. Hili la moto mkali ni la usalama: maharage mekundu mabichi yana sumu inayotapisha na kuharisha, na joto la mchemko ndilo linaloiua. Kuyaacha yavukutike polepole kwenye moto hafifu tangu mwanzo hakuiondoi. Wengine hutia magadi ili yaive haraka. Chembe kidogo si neno, ila magadi mengi huharibu vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni, na kwenye katlesi ladha hiyo haina mchuzi wa kujificha.

Yakiiva, yachuje, na usimwage ile supu nzito iliyobaki. Hapo ndipo baga nyingi za maharage hushindwa. Mtu huchota maharage yakiwa bado yanatiririka, anayaponda, anaona yamekuwa uji, anamimina unga mpaka yashikane, na mwisho anakaanga kitu kinachokwama kooni. Adui ni maji. Yatandaze maharage yaliyochujwa kwenye ungo au sinia pana, yaache juani au karibu na jiko mpaka ngozi zianze kupasuka na kuonekana kavu. Ukiwa na haraka, yageuzegeuze kwenye kikaango kikavu dakika chache. Kazi hii haipendezi na hakuna anayeiona, lakini katlesi nzuri hutoka hapo.

Wakati yanakauka, kaanga vitunguu viwili vikubwa vilivyokatwa vidogo, kwa mafuta machache na subira nyingi, mpaka viwe rangi ya kahawia. Tia kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, karoti mbili zilizoparuzwa, binzari, jira, pilipili kama watoto wanaistahimili, na kijiko cha nyanya ya kopo. Endelea mpaka mchanganyiko uache kutoa mvuke. Katika kikaango kingine choma kikombe cha karanga mpaka ziwe na harufu, uzitwange ziwe chenga, zisiwe siagi. Zichague kwanza karanga hizo: zenye ukungu, zilizonyauka au kubadilika rangi zitupe bila huruma, kwa maana sumu ya kuvu inayokaa kwenye karanga haitoki kwa kukaanga. Ufuta uliochomwa, ambao watu wa kaskazini huuleta Kampala kwa wingi, nao huleta kitu kinachokaribia ladha ya nyama kuliko viungo vingi vya dukani.

Kisha kiungo cha kushikisha. Vitabu vingi vya mapishi vinataka yai na chenga za mkate. Yai ni zuri kama lipo. Lakini ninayoipenda ni njia ya unga wa muhogo: chukua kikombe cha ile supu ya maharage, koroga vijiko vinne vya unga, pika kwenye moto mdogo mpaka iwe uji mzito unaovutika. Wanga ulioiva hivyo hushika kuliko unga mbichi, na hauachi ladha ya unga mdomoni. Posho iliyolala, ikipondwa vizuri, hufanya kazi hiyohiyo ingawa hupooza ladha, basi ongeza chumvi na dania.

Ponda thuluthi mbili za maharage kwa mwiko au kwenye kinu, thuluthi moja uiache nzimanzima. Meno yanataka kitu cha kukutana nacho; katlesi iliyosagwa yote kama dawa ya meno humchosha mlaji kabla hajamaliza. Changanya kila kitu, onja chumvi, kisha funika na uache nusu saa pahali pa baridi. Unga hunywa maji yaliyosalia, na mkono unaona tofauti. Fanya viduara vyenye unene wa kidole gumba, vipana kidogo kuliko mkate, uvipange juu ya kipande cha jani la mgomba kilichopakwa mafuta ili visigande.

Kikaango kiwe kizito, mafuta ya kufunika chini tu, moto wa wastani. Dakika nne au tano upande mmoja, geuza mara moja, dakika nne upande wa pili. Usibonyeze kwa mwiko na usigeuzegeuze. Katlesi ya maharage haina mafuta yake wala misuli ya kuishikilia kama nyama. Nguvu yake yote iko kwenye gamba linaloganda juu, na gamba linataka kuachwa litulie.

Msomaji wa pwani atakuwa ameshaniuliza: mbona usitumie njia ya bajia za kunde? Ni swali la haki. Kuanzia Lamu hadi Unguja, kunde zimelowekwa, zikamenywa, zikasagwa mbichi na kukaangwa muda mrefu kabla baga haijasikika. Njia hiyo inakubali, na Uganda ina kunde tele: loweka, menya, saga na kitunguu na pilipili bila kuongeza maji, piga rojo hilo mpaka liwe jepesi, na ukaange kwa viduara bapa. Baga yake ni nyepesi na laini ndani, na haihitaji kuchemshwa, kwa hiyo mkaa unabaki. Ila usidanganyike ukaifanya hivyo kwa Nambale au maharage mekundu mengine. Yale lazima yachemke kwanza, kwa sababu niliyokwisha kuitaja.

Kuhusu fenesi, nitasema kwa ufupi. Miti ya mafenesi imejaa nyuma ya nyumba za Mengo na Rubaga, na fenesi changa lililochemshwa huchambuka nyuzinyuzi kama nyama ya kuku. Migahawa ya nje inalisifia sana siku hizi. Kwa umbo linastahili, kwa lishe halistahili: protini yake ni gramu mbili hivi tu katika kila gramu 100, ambapo maharage yaliyopikwa yana nane au tisa. Ukilitaka, lichanganye na maharage, lisichukue nafasi yake. Uyoga una ladha nzuri kuliko vyote, hasa ule wa msimu wa mvua, ila ni wa kuongezea tu kwa kuwa bei yake hukimbia.

Na kwa uyoga na kunde, aliye Mengo ana jambo la kuuliza kabla ya kuwasha jiko. Barabara ya Kabaka Anjagala, inayotoka Lubiri, kasri la Kabaka wa Buganda, hadi Bulange, jengo la bunge lake, ni njia ya Waganda wenye koo zaidi ya 50, na kila ukoo una mwiko wake. Watu wa ukoo wa Butiko hawali uyoga. Wa ukoo wa Mpindi hawali kunde. Mwenyeji mwenye adabu humuuliza mgeni wake anatoka ukoo gani kabla ya kumwandalia, na haoni haya kuuliza, wala mgeni haoni haya kujibu. Kwa mpishi wa baga isiyo na nyama swali hili lina uzito pia, maana baadhi ya vyakula vyake vimo katika orodha ya miiko. Maharage ya kawaida hayana shida hiyo, na ni sababu nyingine ya mimi kuyapendekeza kwa meza yenye wageni wengi.

Meza hizo zipo nyingi kuliko tunavyodhani. Wakatoliki wa Rubaga huacha nyama Ijumaa za Kwaresima. Baadhi ya Waadventista hawaigusi mwaka mzima. Familia nyingi za Kihindi zenye asili ya Gujarat hupika bila nyama, na kwa Wahindi ndiko mji mzima ulikojifunza chapati, bajia na kachori.

Chapati hiyo ndiyo inayokuokoa ukikosa banzi. Kampala ina kijana wa chapati karibu kila kona, kwa ajili ya rolex, ile chapati inayokunjwa na mayai. Mwombe akupe chapati nene isiyo na yai, ikate nusu, ikunje juu ya katlesi. Ukitaka banzi za nyumbani, kanda nusu kilo ya ngano kwa hamira, sukari kidogo na maji ya vuguvugu, ziache ziumuke mara mbili, uzioke kwenye sufuria lenye mchanga chini na makaa juu ya mfuniko. Ngano ina kazi nyingine zaidi ya kushikilia: protini ya maharage imepungukiwa na kitu ambacho nafaka inacho, na ya nafaka imepungukiwa na kile ambacho maharage yanacho, kwa hiyo vikiliwa pamoja vinakamilishana.

Juu ya katlesi weka kachumbari ya nyanya, kitunguu na kabichi, na ukamulie limau bila ubahili. Madini ya chuma ya maharage mwili huyachukua kwa shida, na vitamini C ndiyo inayoyafungulia mlango. Chai hufanya kinyume, inayazuia. Kwa hiyo chai ya familia, hata ile ya maziwa na tangawizi ambayo hakuna anayetaka kuiacha, isogezwe saa moja au mbili baada ya chakula. Kwa watoto wanaoupenda mchuzi mtamu wa nyanya wa chupa, wape kidogo. Nyanya mbichi iliyosuguliwa kwa kitunguu saumu na chumvi ni bora na haina sukari ya kuongezwa.

Nisimfiche msomaji upungufu. Katlesi moja ya maharage haiifikii ya nyama kwa protini, gramu kwa gramu. Mpe mtoto anayekua mbili. Na vitamini B12 haimo katika maharage wala karanga wala mmea wowote jikoni mwetu. Nyumba isiyokula nyama kabisa inahitaji mayai au maziwa, na kama samaki si mwiko, mukene, yaani dagaa wa ziwani, ambao ni wa bei rahisi na huliwa wazimawazima na mifupa yao.

Katlesi ambazo hazijakaangwa hukaa kwenye friji siku mbili. Nyumba isiyo na friji izikaange zote siku hiyohiyo zikauke vizuri, zipoe, zifunikwe kwa kitambaa safi. Ukizipika Jumapili jioni, Jumatatu asubuhi zipashe moto zipate joto kali mpaka ndani, ukunje ndani ya chapati na kipande cha tango, umtilie mtoto kwenye mkoba wa shule. Saa ya mapumziko, wenzake wakipanga mstari wa posho, ataanza kuulizwa ni nani aliyemnunulia baga.